Mchanga Niliouosha Mara ya Pili

Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya tangi la saruji, gauni nimelifunga kiunoni, brashi mkono wa kulia, mche wa sabuni mkono wa kushoto, naimba. Ilikuwa Jumapili mchana. Jua lilikuwa limesimama wima juu ya utosi wangu, na kuta za tangi zilinirudishia sauti yangu ikiwa tamu kuliko ilivyotoka. Mbele yangu kulikuwa na mchanga wa kujaza chumba kizima, na juu ya mchanga huo palikuwa na uchafu ulionikera roho: kitu cha kahawia, chenye ukijani kwenye pembe, kinachoteleza kama ulimi wa ng'ombe. Nilikikwangua. Nilikitia ndooni nikakimwaga mtaroni, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tisa. Kisha nikauosha mchanga wenyewe, kina cha kiganja kizima, kwa sabuni na dawa ya madoa, nikausuuza mpaka ukawa mweupe kama mchele uliochaguliwa.

Nilipanda ngazi kutoka humo nimelowa chapachapa, mgongo unaniuma, na nina furaha ya bibi harusi. Nilifungulia maji. Yalijaa taratibu, angavu, mpaka niliweza kuhesabu punje za mchanga chini yake.

Katika maisha yangu sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Wala sijawahi kufanya ubaya mkubwa kama ule.

Mimi ni dobi. Jina langu la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani naitwa Mama Povu, na nimelizoea kiasi kwamba mtu akiniita kwa jina lile jingine nageuka kumtafuta huyo anayeitwa. Nimefua nguo za watu miaka thelathini. Nguo hazina adabu, husema kila kitu: najua nani analia usiku, nani anakula akiwaficha watoto wake, nani amesema anaenda kazini na hakwenda. Na nilikuwa na mdomo. Niliweza kuigiza mwendo wa mtu yeyote pale mtaani, sauti yake, hata kikohozi chake, mpaka wenzangu wakashika mbavu. Maisha yalikuwa yamenipiga vya kutosha; kucheka ilikuwa ndiyo njia yangu ya kuyarudishia.

Mtaa wetu uko kwenye mteremko, na maji yetu yalitoka kwenye kijito. Kijito hicho kilipita kwanza nyuma ya machinjio, kisha kwenye gereji, kisha kikatufikia sisi kikiwa na habari zote za huko kilikotoka. Tulichota hivyo hivyo. Tulichemsha tulipokuwa na kuni. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka miwili na miezi minne alipoanza kuharisha siku ya Jumatatu, na Alhamisi tulimzika. Sitasema zaidi ya hapo. Mto wangu wa kulalia ulishayasikia yote.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi cherehani, ndiye aliyenishika mkono makaburini. Hakuniambia pole. Aliniambia, "Hii isirudiwe." Wiki iliyofuata aliacha cherehani yake ikiwa na suruali ya mtu bado imebanwa kwenye sindano, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu walimwona kama amechanganyikiwa. Aliwaambia hatungoji mtu. Palikuwa na vijana wa kuchimba, palikuwa na wanawake, palikuwa na mawe. Na palikuwa na Sentimita.

Sentimita alikuwa fundi mwashi, mtu mwembamba asiyeoa, mwenye kalamu sikioni na futi mfukoni. Mguu wake mmoja ulikuwa na kasoro kidogo, kwa hiyo alitembea kama mtu anayepima ardhi kwa hatua. Alipima kila kitu. Ukimwandalia chai, ungemwona anaangalia kikombe kimejaa mpaka wapi. Zamani alikuwa amefanya kazi ya kujenga machujio ya mchanga mahali fulani mbali, akarudi na daftari moja lenye michoro na imani isiyotikisika kwamba mchanga unaweza kufanya maji machafu yanyweke. Nyuma ya nyumba yake alikuwa ameweka pipa moja la majaribio, lenye mchanga na bomba dogo. Kila asubuhi alilifunua, akalichungulia, akalifunika. Mimi ndiye niliyeeneza kwamba Sentimita ameoa, mkewe yuko nyuma ya nyumba, mnene kidogo lakini hanung'uniki.

Basi tukajenga. Jumamosi zote za mwaka mmoja na nusu, mtaro wa bomba ulichimbwa kwa zamu kutoka juu ya machinjio, kule kijito kilikokuwa bado na heshima yake. Tangi likainuka, refu kuliko mtu. Likaja suala la mchanga, malori matatu ya mchanga mchafu wa mtoni, na hapo ndipo nilipopata cheo.

"Uoshwe," Sentimita alisema. "Mpaka maji ya kuoshea yasiwe na wingu hata kidogo."

Nani angesimamia kuosha kama si mimi? Nilikuwa na wanawake ishirini na sita na mabeseni yasiyo na idadi. Tuliosha, tukamwaga, tukaosha tena. Sentimita alikuja na chupa ya kioo, akatia mchanga na maji, akatikisa, akaiweka juani na kuitazama kama daktari. "Rudieni." Tukarudia. Vidole vyetu vilikunjamana kama vya vikongwe. Mara ya saba alitikisa chupa, akaingoja, akainyanyua mbele ya watu wote. "Mchanga huu," alisema, "umeoshwa." Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba. Nilitembea wiki nzima kifua mbele. Ulikuwa mchanga wangu.

Tangi lilipojazwa, alituita kutueleza linavyofanya kazi. Alisimama ametupa mgongo, anaandika kwa chaki kwenye ukuta, anasoma daftari lake. Tabaka la kibiolojia. Uchachishaji wa hiki na kile. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na wenzangu watano, na katika kipindi chote cha maelezo yale nilikuwa naigiza mwendo wake: hatua, pima, hatua, pima, kalamu sikioni. Walikufa kwa kucheka. Aliposema tusinywe maji hayo wiki sita, nilidhani anangoja saruji ikauke.

Baada ya wiki sita tulianza kunywa. Miezi minane ikapita. Nesi wa zahanati, ambaye zamani hakuwa na nafasi ya kukaa, alianza kuonekana barazani akifuma sweta. Hiyo ndiyo takwimu niliyoielewa.

Kisha ikaja barua: mkaguzi wa maji atafika Alhamisi. Akiridhika, tungepewa kibali cha kupeleka bomba hadi zahanati na nyumba za bondeni. Asiporidhika, koki ingefungwa kwa kufuli, nasi turudi kwenye kijito, na mvua zilikuwa zimebakiza miezi miwili. Mwanangu alikwenda wakati wa mvua. Sentimita alisafiri kutafuta koki mpya, akasema atarudi Jumatatu. Jumapili nikasema nipande ngazi nitazame mchanga wangu, niwe na uhakika kwamba mgeni atakuta pasafi.

Nikaukuta umeota ukoga. Mchanga wangu! Niliona aibu kama mtu aliyekutwa na wageni sufuria hazijaoshwa. Nikafunga bomba la kuingilia, nikayaacha maji yashuke, nikaenda kuchukua brashi.

Jumatatu alasiri wifi alituita wote pembeni mwa tangi. Sentimita alikuwa amerudi na vumbi la safari, na alitaka tufanye mazoezi ya maswali ambayo mkaguzi angeyauliza. Watu walikuwa wamechota tangu asubuhi na kusifia: leo maji yameng'aa kuliko siku zote. Mimi nilikaa kimya nikinywa sifa ambazo hakuna aliyejua ni zangu. Nilipanga kusema mwishoni, kwa madaha.

"Akiwauliza ni nini kinachosafisha maji haya," Sentimita alisema, safari hii ametugeukia, "mtajibu nini?"

"Mchanga!" tulipiga kelele.

"Hapana."

Tukatazamana.

"Mchanga ni kitanda tu. Juu ya mchanga kuna utando. Wa kahawia, unateleza. Ule ni viumbe hai, maelfu kwa maelfu, vidogo hata jicho halivioni. Vijidudu vya ugonjwa vikishuka na maji, vile vinavila. Bila ule utando maji yanapita tu, yanang'aa, na yanaua vilevile. Ndiyo maana niliwazuia wiki sita. Nilikuwa nangoja uote."

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Ilikuwa bado inanuka dawa ya madoa. Nitakuwa mkweli: jambo la kwanza lililonijia halikuwa la kiungwana. Niliwaza kwamba hakuna aliyeniona. Niliwaza kwamba Alhamisi mkaguzi angekuta maji mabaya na kila mtu angelaumu machinjio, au Sentimita, au bahati. Nilihitaji tu kukaa nilipokaa.

Wifi alikuwa pembeni yangu kwenye benchi. Amempakata kitinda mimba wake, msichana wa miaka miwili na kitu, na mtoto ameshika kikombe chekundu cha plastiki kwa mikono yote miwili. Alikiinua kuelekea mdomoni.

Nilikipiga kofi. Kikombe kiliruka, kikagonga ukuta wa tangi, maji yakamrukia mwenyekiti wa mtaa kifuani. Mtoto akaangua kilio.

"Una wazimu?" wifi akaniuliza.

"Asinywe. Asinywe mtu yeyote." Nilikuwa nimesimama na sikujua nimesimama lini. "Niliuosha. Jana. Ule utando, nilidhani ni uchafu. Niliusugua wote. Kwa sabuni. Na dawa ya madoa."

Watu wenye midomo kama mimi huogopa kelele kidogo tu. Tunachoogopa ni kimya. Na pale palikuwa na watu kama mia mbili, wote wamenyamaza, isipokuwa yule mtoto.

Sentimita alipanda ngazi. Hatua, pima, hatua, pima. Aliinama, akachovya kidole, akanusa. Alikaa huko juu muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha chai ya moto. Aliposhuka uso wake ulikuwa mkavu.

"Siku nilipoeleza mambo haya," alisema, "ulikuwepo?"

Ningeweza kusema sikuwepo. "Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma. Nilikuwa naigiza unavyotembea."

"Najua. Kivuli chako kilikuwa ukutani, mbele yangu. Uliigiza vizuri. Ila mguu wenye kasoro ni wa kushoto. Wewe ulichechemea wa kulia."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Sentimita aliwageukia wengine.

"Nilieleza mara moja tu, kwa maneno ya daftarini, nimewapa mgongo. Halafu mchana na jioni nikawaambia mchanga uoshwe, uoshwe, uoshwe. Sasa nashangaa nini ukioshwa? Leteni funguo za koki hapa. Kila mwenye maji ya leo nyumbani akayamwage au ayachemshe. Kazi ianze."

Sijawahi kusikia mtu akichukua kosa langu na kulibeba nusu kwa wepesi namna ile, kama mtu anayekusaidia ncha moja ya meza.

Kisha akasema, "Mama Povu, lete beseni. Lile kubwa. Lisilo na sabuni."

Tulikwenda nyuma ya nyumba yake, yeye na mimi, na nusu ya mtaa nyuma yetu. Alilifunua lile pipa lake. "Kunja mkono wa gauni," akaniambia. Alinishika kifundo cha mkono, akauzamisha mkono wangu majini mpaka vidole vikagusa chini.

"Shika. Usikwangue. Shika tu."

Ulikuwa baridi na laini. Ulinyumbuka nilipogusa, ukarudi.

"Kama nini?" akauliza.

"Kama ufizi wa mtoto."

"Basi sasa unaelewa kuliko nilivyoeleza mimi."

Miaka minane alikuwa amelilea lile pipa, na siku hiyo alilikwangua mwenyewe kwa kijiko, polepole, akautia utando wake wote ndani ya beseni langu pamoja na maji kidogo. Mbegu, alisema. Tukiutandaza juu ya mchanga, hautatuchukua wiki sita tena. Alipomaliza, mchanga wa pipa ulikuwa mtupu. Aliufunika kwa heshima, kama anavyofunikwa aliyelala.

"Nani atabeba?" mtu akauliza, na wote wakanitazama.

Nilibeba. Miaka thelathini nimeishi kwa kuondoa uchafu wa watu, na siku hiyo nilipita njia nzima ya mtaa wetu na beseni la ukoga kichwani, shingo nimeinyoosha, sitikisiki, sipumui. Watu walitoka milangoni. "Taratibu, Mama Povu, usimwamshe!" "Umembeba mke wa mwenzio, angalia!" Wale wale wanawake wangu wa mabeseni walitangulia mbele wakiondoa mawe njiani. Nilikuwa nalia, na sikuweza kujifuta kwa kuwa mikono ilikuwa juu.

Alhamisi mkaguzi alifika, mwanamke mwenye viatu vya mvua na uso usioazima mtu tabasamu. Wifi alikuwa hajaongea nami tangu Jumatatu, lakini alinisukuma mbele kwa kidole kimoja mgongoni. Nilisema yote.

"Kwa nini uliosha?" mkaguzi akauliza.

"Kwa ajili yako, mama. Nilitaka ukute pasafi."

Alinitazama, akamtazama Sentimita, akaangalia ukutani kwenye chaki, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua miwani. Alitupa wiki tano, koki zikiwa zimefungwa. Akasema hajawahi kufika mahali ambapo ameambiwa kosa kabla hajalitafuta.

Wiki tano tulichemsha. Nyumba yenye kuni iliigawia isiyo nazo. Waliotaka kuniudhi waliniletea sufuria zao zenye masizi, "Tunakuomba utusugulie na hizi, mkono wako hauachi kitu." Nilicheka nao. Lakini hakuna hata mmoja, si mchimba mtaro, si mbeba mawe, aliyeniambia nitoke kwenye kazi ile. Watoto watatu waliharisha kwa maji ya Jumatatu ile. Walipona. Nawajua mpaka leo, sasa wana ndevu wawili, na wakinisalimia njiani huwa nawaitikia kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Hawajui kwa nini.

Wifi alikuja siku ya nne baada ya mkaguzi kuondoka. Nilikuwa naanika mashuka. Alishika ncha ya shuka lililokuwa mkononi mwangu, tukalikung'uta pamoja, tukalitundika, tukachukua jingine. Shuka la tatu lilipokuwa kati yetu, simwoni uso, alisema:

"Wako hakuwa na mtu wa kumpokonya kikombe. Wangu alikuwa naye."

Tukamaliza mashuka.

Majibu ya maabara yalikuja kwa karatasi moja yenye sifuri mbili, yaani hakuna kijidudu cha ugonjwa hata kimoja. Sentimita aliibandika ukutani, akapima kama imenyooka. Bomba lilifika zahanati kabla mvua hazijachanganya, na lilipofika alinikabidhi ufunguo wa tangi. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akasema anatafuta mtu ambaye hatausahau ule utando, na hamfahamu mwingine.

Amekwishatangulia sasa, Sentimita, na pipa lake liko nyumbani kwangu. Liliota tena. Kila asubuhi nalifunua, nalisalimia shikamoo, nalifunika. Mume wangu anasema nimeongeza mke wa pili ndani ya nyumba.

Watu hutoka mitaa mingine kuja kujifunza. Mwezi uliopita walikuja thelathini, na nilipokuwa naeleza niliona kivuli ukutani, mbele yangu: kifupi, kinene, kinapepesuka kwa makalio kama mimi ninavyotembea siku hizi za magoti mabovu, mkono mmoja kiunoni, mwingine unasugua hewa. Nyuma walikuwa wanakufa kwa kucheka. Nilinyamaza nikamwacha amalize, maana kweli alikuwa na kipaji. Kisha nikageuka.

"Wewe, binti," nikasema. "Njoo huku mbele. Kunja mkono wa blauzi."